Tafakari ya Kwaresima juu ya theluji ya Machi: nishike andiko gani, na nijihadhari na nini?

Mwinjilisti wa Saa Saba aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina zamu ya neno katika ibada ya Kiswahili hapa St. Paul, Minnesota, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 2026. Mchungaji ameomba tafakari ya dakika 8, si mahubiri kamili, kwa kuwa siku hiyo kuna ubatizo na Meza ya Bwana. Ameelekeza iguse theluji hii ya mwishomwisho na majira ya machipuko yanayokaribia. Injili ya siku ni Yohana 4:5–42, Yesu na mwanamke Msamaria kisimani.

Usharika ni mchanganyiko: Walutheri wa Iringa na Kilimanjaro, Wakenya, na familia za Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kwa baadhi yao hii ndiyo baridi ya kwanza maishani. Watoto wengi wamezaliwa huku. Ibada hurushwa pia kwa ndugu walio nyumbani.

Rasimu yangu inaanzia Isaya 1:18, dhambi kuwa nyeupe kama theluji, lakini naona haishikani na kisima. Naomba msaada kwa mambo haya: andiko lipi libebe tafakari, theluji ya Machi inafanya kazi gani hasa ardhini (nisije nikasema kitu ambacho mkulima yeyote atakikataa), na mambo gani wahubiri hukosea wanapogusa majira. Kama kuna kitu cha kuwaonyesha watoto kwa macho, nitashukuru zaidi.

---

Baba Tumaini alijibu:

Amina, Mwinjilisti. Isaya 1:18 iache kwa siku nyingine. Andiko lenyewe ni zuri, lakini litakuvuta mbali na kisima. Tena tarehe 8 Machi theluji ya nje ya kanisa haitakuwa nyeupe. Itakuwa imechanganyika na mchanga wa barabarani, chumvi na masizi, na kila mtu ataikanyaga akishuka garini. Ukisema "nyeupe kama theluji" watageuka kutazama dirishani.

Kuna jambo zito zaidi. Biblia hutumia weupe huohuo wa theluji kwa ukoma: mkono wa Musa katika Kutoka 4:6, Miriamu katika Hesabu 12:10, Gehazi katika 2 Wafalme 5:27. Isaya anasema juu ya nguo iliyotiwa rangi nyekundu isiyotoka kwa kufuliwa, wala hagusi ngozi ya mtu. Mbele ya watoto wa Kiafrika wanaokulia Marekani, andiko hilo linadai maelezo marefu kabla hujaanza kulihubiri, na dakika zako ni nane tu.

Shika Zaburi 147:15–18. Ni mistari minne na yote ina mwendo. Mungu anapeleka neno lake juu ya nchi. Anatoa theluji kama sufu, anamwaga barafu kama majivu, anaitupa vipande vipande kama mkate, kisha mtunzi anauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake. Swali hilo usilipite mbio. Lisome, unyamaze kidogo, maana waliofika Oktoba iliyopita wanalijua jibu lake mwilini. Ndipo usome mstari wa 18: neno linatumwa tena, barafu inayeyuka, upepo unavuma, maji yanatiririka. Neno lililoleta theluji ndilo linaloiyeyusha. Zaburi haimtaji adui yeyote anayeleta baridi ili Mungu aje kumshinda, na hapo ndipo wahubiri wengi huteleza.

Sasa umefika kwenye maji, na kisima cha Yakobo kiko hatua moja mbele yako.

Isaya 55:10–11 liwe andiko la kuunga mkono, si la pili la kuhubiriwa. Maneno yale yaliwaendea watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Mito ya Tigri na Frati hujaa Aprili na Mei, theluji inapoyeyuka katika milima ya Uturuki ya leo. Wahamishwa wale waliishi katika tambarare kame kando ya maji yaliyoanguka kama theluji mbali sana kaskazini. Nabii anapowaambia kwamba mvua na theluji hushuka na kuinywesha ardhi hata mpanzi akapata mbegu na mlaji akapata chakula, wao walikuwa wakinywa maji ya theluji hiyo kila siku bila kuiona ikianguka. Kisha mstari wa 12 unawaambia watatoka kwa furaha. Kwa familia zilizokaa kambini miaka mingi zikisubiri majina yao yaitwe, sura hii haihitaji kupambwa.

Kwa upande wa nchi ya Biblia yenyewe: mlima Hermoni una urefu wa mita 2,814 na hushika theluji kila msimu wa baridi. Maji yake huingia katika mawe ya chokaa na kutokea chini kwenye chemchemi za Dani na Baniasi, ambazo ni vyanzo vya Yordani. Yerusalemu nayo hupata theluji baadhi ya miaka. Kwa hiyo mtunga zaburi aliijua theluji, hakuisikia tu.

Kuhusu urefu: mhubiri wa Kiswahili asiyekimbia hutumia kama maneno 100 kwa dakika. Andika maneno 750, ubaki na nafasi ya kupumua. Kama kuna mkalimani wa Kiingereza kwa ajili ya watoto, andika 400 tu, na mpe karatasi yako Ijumaa.

---

Udongo na Maji alijibu:

Shalom, Mwinjilisti. Nijibu upande wa ardhi.

Theluji mpya ni hewa kwa sehemu kubwa. Sentimita 10 za theluji iliyoanguka leo zikiyeyuka hutoa takriban sentimita 1 ya maji. Ile iliyolala tangu Januari imejishindilia, imeyeyuka juujuu na kuganda tena mara nyingi, hata ikawa chembechembe kama chumvi ya mawe. Hiyo ya Machi hubeba maji asilimia 30 hadi 40 ya ujazo wake. Ndiyo sababu ni nzito kwenye koleo, na ndiyo sababu ina thamani kubwa kwa ardhi: rundo dogo na baya la Machi lina maji mengi kuliko zulia lile zuri la Desemba.

Uchafu wake pia una kazi. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua unaoipiga. Ya zamani na chafu hurudisha karibu nusu, na nusu nyingine inakuwa joto la kuyeyushia. Watoto wanaweza kuliona hili wenyewe: kuzunguka kila shina la mti hutokea duara lisilo na theluji mapema, kwa kuwa gome jeusi hunywa mwanga na kutoa joto.

Jambo ambalo ningelitia katika tafakari kabla ya mengine yote ni hili. Barafu ikifika nyuzi 0 za Selsiasi haiyeyuki papo hapo. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo ileile ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Wakati joto hilo linaingia, kipimajoto kikiwekwa ndani ya theluji hubaki palepale kwenye 0, siku baada ya siku. Mtu anayetazama kipimo atasema hakuna kinachotendeka, kumbe sehemu ngumu kabisa ya kazi ndiyo inayoendelea.

La pili ni mwanga. Hapo St. Paul siku fupi kabisa ya Desemba ina takriban saa 8 na dakika 46 za jua. Kufikia tarehe 8 Machi ni karibu saa 11 na nusu, na katika mwezi wa Machi kila siku huongezeka dakika 3 hivi. Lakini siku za baridi kali kwa kawaida huja Januari, wiki kadhaa baada ya mwanga kuanza kurudi. Mwanga hutangulia, joto hufuata kwa kuchelewa, kwa sababu ardhi na maziwa huchukua muda kupata joto. Waliotoka karibu na Ikweta wamezoea siku ya saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo wataje jambo hili polepole.

Tahadhari juu ya Isaya 55: usiseme theluji ikiyeyuka huzama moja kwa moja ardhini. Minnesota udongo huganda kina kirefu. Misingi ya nyumba huchimbwa zaidi ya mita 1 kusini mwa jimbo, na mita 1.5 kaskazini, ili barafu isiinyanyue. Machi mwanzoni udongo bado ni jiwe, maji mengi hukimbilia mitaroni na mitoni, na ndiyo mafuriko ya machipuko. Barafu ya ardhini huyeyuka kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, na pande mbili hizo zikikutana, maji hupata njia. Hapo, kabla miti haijatoa majani na kuanza kunyonya, maji hushuka hadi kwenye hifadhi za chini. Huo ndio wakati mkubwa wa visima vya sehemu zile kujazwa. Kwa hiyo ukitaka kumpeleka msikilizaji kutoka kwenye theluji hadi kisimani kwa Yakobo, njia ipo, na ni ya kweli. Ila ina kungoja ndani yake.

Mtu akikuuliza juu ya maneno "hairudi huko" ya Isaya 55:10 akisema mvuke hurudi angani, ana haki: sehemu ya theluji hugeuka mvuke hata bila kuwa maji kwanza. Andiko linasema hairudi kabla ya kuinywesha ardhi, na hilo linasimama.

Ngano ya majira ya baridi nayo ni mfano usiomkwaza mtu. Hupandwa Septemba, huota, kisha hulala chini ya theluji. Theluji huikinga na baridi kali ya hewa. Lakini zaidi ya kukingwa, inaihitaji baridi yenyewe: wiki 4 hadi 8 za nyuzi kati ya 0 na 10, la sivyo mwakani itatoa majani bila masuke. Mitofaa iko vilevile. Aina nyingi za kaskazini hudai mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 kabla ya kukubali kuchanua. Tena joto likija mapema mno ni hatari, kwa sababu maua ya mtofaa yaliyofunguka huanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri karibu yote huharibika. Mkulima wa matofaa hafurahii Machi yenye joto.

Kwa watoto: chukua chupa mbili za kioo za lita 1, mdomo mpana. Moja jaza theluji mpya bila kuishindilia, nyingine theluji ya zamani. Mkono ukiishindilia ile mpya, tofauti inapotea na somo limekufa. Zijaze Jumamosi asubuhi, ziyeyuke ndani, kisha weka alama ya maji kwa kalamu. Jumapili jaza nyingine mbili zifananazo, ili waone kabla na baada. Usitegemee zile za Jumapili ziyeyuke wakati wa ibada. Lita moja ya theluji ya zamani huchukua saa kadhaa katika chumba chenye joto la kawaida. Weka sinia chini, maana kioo hutoa jasho na kitambaa cha madhabahu kitaloa.

---

Mama Diakonia alijibu:

Bwana asifiwe, Mwinjilisti. Walionitangulia wamelisha akili vizuri. Mimi naomba tusisahau watu watakaokaa kwenye viti vile.

Kwanza saa. Tarehe 8 Machi ndiyo siku Marekani inasogeza saa mbele: saa 8 usiku inakuwa saa 9. Simu hujirekebisha, saa ya ukutani na ya gari hazijirekebishi. Tangazeni Jumapili ya tarehe 1, na ujumbe utumwe tena Jumamosi jioni. Na walio nyumbani waambiwe: tofauti ya saa 9 na Afrika Mashariki inakuwa saa 8. Ibada ya saa 7 mchana ya St. Paul, ambayo huwafikia Iringa saa 4 usiku, itawafikia saa 3 usiku. Bukavu na Lubumbashi itakuwa saa 2 usiku.

Pili, usiseme "baridi imekwisha". Mwaka 2018 Pasaka ilikuwa tarehe 1 Aprili, na wiki mbili baadaye, tarehe 13 hadi 16, dhoruba ikamwaga Minneapolis theluji ya karibu sentimita 40. Mgeni aliyeambiwa kanisani kwamba baridi imekwisha ataweka makoti ya watoto kwenye boksi na kuondoa koleo garini. Sema siku zinarefuka. Hilo halitamwangusha.

Tatu, kwa familia nyingi machipuko yana tarehe ya hofu. Minnesota ina kanuni ya kuzuia kukatiwa umeme au gesi ya kupashia nyumba kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, lakini ulinzi huo humsaidia aliyewasiliana na kampuni na kukubaliana mpango wa malipo anaoumudu, kisha akaushika. Asiyepiga simu anaweza kukatwa hata katikati ya Januari, na deni la baridi nzima hudaiwa Mei. Baada ya tafakari, mzee mmoja wa kanisa asimame na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili: piga simu kabla ya mwisho wa Aprili, uwe na namba ya akaunti, taja kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi, omba mkalimani, na uliza kuhusu msaada wa nishati wa jimbo. Wengine wanaona aibu kuuliza. Ikitangazwa kwa wote mbele ya kanisa, aibu inapungua.

Nne, njia ya kuingilia. Machi ndio mwezi wa kuanguka, kwa sababu mchana huyeyuka na usiku huganda kuwa kioo chembamba kisichoonekana. Angalieni mabomba ya paa: kama bomba linamwaga maji kwenye njia ya miguu, ligeuzwe leo. Chumvi ya kawaida haifai ardhi ikiwa chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Hapo tumieni mchanga. Na msimwage kwa ndoo. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kinatosha njia yenye miraba 10 ya zege, ikitawanywa kukiwa na nafasi kati ya punje na punje. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi huharibu lita 19 za maji, na hakuna njia rahisi ya kuitoa tena. Kama mnahubiri juu ya kisima, haitapendeza mlangoni kuwe na tuta la chumvi linalosubiri kuelekea humohumo.

Katika maombi watajeni wanaotoka zamu ya usiku viwandani na kuendesha kwenye barafu, waliovunjika nyonga au mkono msimu huu, na wenye huzuni iliyowashika tangu Novemba. Kwa hao wa mwisho, jua kurudi peke yake halitoshi, na wasiambiwe hivyo. Waelekezwe kwa daktari pamoja na kuombewa.

---

Mzee wa Rabai alijibu:

Niongeze kipande cha nyumbani, kwa sababu Wachaga na watu wa Pwani watakuwa wakisikiliza.

Mchungaji wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa chini ya jumuiya ya misheni ya Kianglikana, akiishi Rabai karibu na Mombasa. Aliondoka na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, na asubuhi ya 11 Mei 1848 akauona mlima wenye kilele cheupe. Siku hiyohiyo aliketi kusoma Zaburi ya 111, iliyokuwa zamu yake katika usomaji wake wa kawaida, na mstari wa 6, unaosema kwamba Mungu amewajulisha watu wake uwezo wa matendo yake, ukamgusa kuliko yote. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1849, na mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, akaikataa kwa miaka. Safari za msafiri Mjerumani von der Decken za 1861 na 1862 zikathibitisha alichokiona Rebmann. Mwinjilisti, hiyo ni tafakari ya mchungaji juu ya theluji iliyoandikwa katika nchi yetu miaka mia moja na sabini na zaidi iliyopita. Sentensi mbili zinakutosha.

Lakini usiseme, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndiyo inayojaza mifereji ya Uchagani. Maji ya mlima ule kwa sehemu kubwa kabisa ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu chini ya vilele. Barafu ya juu huchangia kidogo sana, na yenyewe imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Wazee wa Marangu wanaojua mfereji wao unaanzia wapi watakusahihisha.

---

Msomaji wa Nyaraka alijibu:

Neno la tahadhari tu. Machipuko hurudi kila mwaka, mtu akiamini au asiamini. Ufufuo wa Bwana ulitokea mara moja, siku iliyojulikana, chini ya Pontio Pilato. Ukivifananisha sana, watoto watadhani Pasaka ni sherehe ya majani kurudi. Kumbuka pia Kanisa la Australia na la Afrika Kusini huadhimisha Pasaka majani yakianguka, na Iringa wanaiadhimisha mvua zikielekea ukingoni, mahindi yakiwa bado shambani na ghala za mwaka jana zikiwa zimebaki chini. Tafakari isimame hata kwa mama wa Kilolo, Iringa, anayeisikiliza saa 3 usiku mvua ikinyesha. Kipimo changu ni hiki: toa neno "machipuko" katika kila sentensi, sentensi ikianguka, ilikuwa inahubiri hali ya hewa.

Ngano, naam, itumie, lakini kwa njia ya Yohana 12:24, ambako Bwana mwenyewe anaitumia juu ya kifo chake.

---

Baba Tumaini alijibu:

Nakubaliana na Msomaji kwa sehemu kubwa, isipokuwa Yohana 12:24. Andiko lile ni la mwishoni mwa Kwaresima, na kulileta tarehe 8 ni kukimbia mbele ya kalenda. Mwinjilisti tayari ana zaburi, Isaya kwa pembeni na kisima. Andiko la nne katika dakika 8 halitasikika na mtu.

---

Mwinjilisti wa Saa Saba alijibu:

Mungu awabariki wote. Nimepanga hivi, nirekebisheni:

Naanza na rundo la theluji chafu lililoko kwenye maegesho, bila kulipamba. Nasoma Zaburi 147:15–17, nanyamaza. Naeleza barafu iliyo kwenye nyuzi 0 na joto linaloingia bila kipimo kusogea. Nasoma mstari wa 18. Kisha Isaya 55 na wahamishwa kando ya mito ya Babeli, sentensi tatu. Halafu kisimani: Yesu amechoka, ni saa sita mchana, anaomba maji kwa mwanamke aliyekuja peke yake, na anamwambia juu ya maji yaliyo hai. Rebmann nitamweka kwenye salamu za mwanzo kwa walio nyumbani. Karatasi ya umeme na gesi itasomwa kwenye matangazo.

Maswali mawili. Chupa nizionyeshe lini? Na nikifika kisimani, niunganishe vipi bila kusema kwamba maji yaliyo hai ndiyo theluji iliyoyeyuka?

---

Baba Tumaini alijibu:

Mpangilio ni mzuri. Usiunganishe kwa kufananisha. Unganisha kwa tofauti, kama Bwana mwenyewe alivyofanya katika 4:13: kila anywaye maji ya kisima kile ataona kiu tena. Maji ya theluji na ya mvua ni zawadi ya Mungu kweli, na Yakobo na mifugo yake waliyanywa, lakini hukauka na kuhitaji kujazwa kila mwaka. Yale ambayo Kristo anampa yule mama hayangojei majira. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha, kisha mrudie yeye mwenyewe: aliuacha mtungi, mstari wa 28, akaenda kuwaita watu wa mji. Hapo ndipo ushukie.

Ukibanwa na muda, kata Isaya, usikate kimya baada ya mstari wa 17. Na mwambie fundi wa sauti mapema kwamba utanyamaza, asije akadhani maikrofoni imezimika akaanza kuipandisha.

---

Udongo na Maji alijibu:

Chupa zionyeshe mara tu baada ya mstari wa 18, nyanyua zile zilizoyeyuka, ile ya theluji ya zamani iwe mkono wa kulia. Waulize watoto ipi ina maji mengi, kisha uwaonyeshe theluji ilivyokuwa. Dakika moja, usizidi hapo.

Theluji ya zamani ichote mbali na barabara, angalau hatua 20, upande ambao greda la theluji halikusukumia. Bado itakuwa na vumbi. Ukitaka walione, yachuje maji Jumamosi jioni kwa kitambaa cheupe cha pamba, na ukianike kikauke usiku kucha. Kikiwa kibichi huonekana kijivu chote na masizi hayaonekani. Andika kwenye chupa zote "si ya kunywa", maana kuna mtoto atakayejaribu.